Kuminga kabla ya drafti ya 2021: dalili tuliziona, au tunapiga ramli baada ya mvua kunyesha?

#1 Fundi Saa
Wakuu, salaam.

Juzi usingizi umegoma, nikarudia mechi za winga wa kikapu Jonathan Kuminga za mwanzoni mwa 2021, zile za G League Ignite, timu ya chipukizi kwenye ligi ndogo ya NBA, kule Orlando, kabla hajachaguliwa kwenye drafti, yaani pale timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua chipukizi kwa zamu. Miaka 18, kifua cha mtu mzima. Anaokota mpira chini ya ringi yake, hatua nne tano yuko upande wa pili, anapaa, anachomeka. Ukiangalia bila takwimu unaapa huyu ni nyota kesho asubuhi.

Sasa weka takwimu. Mechi 13, wastani wa pointi 15.8, ribaundi 7.2. Mitupo ya pointi tatu, iliyoingia asilimia 24.6. Mitupo huru asilimia 62.5.

Golden State wakamchukua nafasi ya 7. Nafasi ya 8 Orlando wakamchukua Franz Wagner, ambaye chuoni Michigan mitupo huru alikuwa anaingiza asilimia 83.5 na hakuna mtu aliyekesha akisifia miruko yake. Leo nani kati yenu angewashauri Orlando wabadilishane?

Hoja yangu ni hii: winga mbichi mwenye mbio na kuruka, mtazame mitupo huru kwanza, mengine baadaye. Pale hakuna anayekukaba, ni wewe na ringi, mita 4.6. Kama mkono haupo, haupo. Nipingeni.

#2 Njiwa Manga
Nakaa pale nasubiri wajuzi. Kahawa ninayo, kashata lete mwenyewe.

#3 Kipanga wa Eastleigh
Wivu tu. Kijana wa Kinshasa ana pete ya ubingwa ya 2022 na alikuwa na miaka 19. Wewe ukiwa na 19 ulikuwa na nini, Fundi?

#4 MwanaGoma
Kinshasa tena? Kuminga ni mutoto ya Goma, kazaliwa huku Oktoba 2002. Wa Kinshasa ni Emmanuel Mudiay. Batu banachanganya kila siku, Kongo ni kubwa lakini si muji moja. Huku kwetu Kiswahili ndiyo luga ya soko na ya uwanja, basi huyo ni wenu pia, musimutupe.

#5 Kipanga wa Eastleigh
Haki, nimeteleza, pole ndugu. Lakini ngoja. Kuminga nambari 7, 2021. Mudiay nambari 7, 2015. Bismack Biyombo nambari 7, 2011. Nyinyi Wakongo mna mkataba na hiyo namba?

#6 Mzee wa Kamalondo
Biyombo ni wa kwetu Lubumbashi, na nambari 7 aliipata kwa siku moja. Hoop Summit 2011, mechi ya vijana wa dunia dhidi ya wa Marekani, kule Portland: pointi 12, ribaundi 11, bloku 10. Kabla ya siku ile ni wachache waliomjua. Kwa hiyo Fundi Saa, mtu anaweza kuchaguliwa kwa mechi moja, wewe unatuletea hesabu za mechi 13 kama vile ni sensa.

#7 Fundi Saa
Mzee, Biyombo ni mtu wa chini ya ringi. Kazi yake ni kuzuia na kuokota, hata asipojua kutupa atakula mshahara. Winga asiyejua kutupa, beki wake anamwacha anaenda kumsaidia mwenzake, na wote watano mnabanwa chumba kimoja.

#8 Zuhura Takwimu
Nimesoma #1, nikacheka kidogo. Drafti hiyohiyo ya 2021, nafasi ya 4, Toronto wamemchukua Scottie Barnes. Mitupo huru chuoni Florida State: asilimia 62.1. Umeona? Chini ya Kuminga! Pointi tatu 27.5. Akawa mchezaji bora chipukizi wa msimu wake, na 2024 akaitwa mechi ya nyota.

Sasa kipimo chako kimewaweka mtu wa 62.1 na mtu wa 62.5 chungu kimoja. Mmoja timu inajengwa juu yake, mwingine alipomaliza mkataba wa kwanza tulishinda majira yote ya joto ya 2025 tukisubiri kama atasaini au hasaini.

#9 Njiwa Manga
Kashata imefika.

#10 Fundi Saa
Zuhura umenipiga, sikatai. Ila soma mstari wa pili wa Barnes: asisti 4.1, na mechi nyingi alikuwa anaingia kutoka benchi. Yule anaona. Mkono ulikuwa mbovu, macho yalikuwa mazima. Kuminga kule Ignite asisti 2.7 na mpira alikuwa nao muda mwingi.

#11 Zuhura Takwimu
Kwa hiyo sasa si mitupo huru tena, ni macho. Tunaandika hoja mpya au tunafuta ya zamani?

#12 Mkesha Laini
Kabla hamjauana, takwimu zenyewe zina walakini mbili.

Kwanza, Ignite walicheza na mstari wa pointi tatu wa NBA, mita 7.24 ukiwa mbele ya ringi. Barnes na Wagner chuoni walikuwa wanatupa kutoka mita 6.75. Karibu nusu mita. Nenda uwanjani kwako, tupa kumi, rudi nyuma hatua moja ndogo, tupa kumi nyingine, halafu uje usimulie.

Pili, ligi ile ndogo tangu msimu wa 2019/20 ina sheria yake ya mitupo huru. Ukifanyiwa madhambi hutupi miwili. Unatupa mmoja, nao unabeba pointi zote, isipokuwa dakika mbili za mwisho wa robo ya nne na muda wa nyongeza. Mchezaji yeyote atakwambia mtupo wa kwanza ni wa kupasha mkono. Kule hakuna wa kupasha, na idadi yenyewe ya mitupo inakuwa kiduchu. Asilimia 62.5 ya kitu kidogo ni uvumi tu.

#13 Kipanga wa Eastleigh
Mkesha, hii sheria sikuijua kabisa. Miaka yote nimeangalia nikidhani mtandao unaruka ule wa pili.

#14 Mkesha Laini
Hahaha, bando lako halikuwa na kosa.

#15 Kocha Msaidizi
Naona mnazungumza vya Marekani, niwaletee cha hapahapa. Nafundisha vijana Dar, jioni, uwanja wa wazi. Mwaka jana kaletwa mtoto wa miaka 16, mjomba wake kamshika mkono kama anampeleka kliniki. Urefu mita 1.93. Nikataka kupima mikono. Futi niliyonayo ni ya fundi cherehani, inaishia sentimita 150. Nikamwegemeza ukutani, kamata kidole hapa, weka alama ya penseli, hamisha, pima tena. Mita 2.06. Nikapaka vidole vyake chaki, nikamwambia ruka uguse ukuta. Akaruka bila kukimbia. Alama ya chaki ikabaki pale juu mpaka mvua ya masika ilipoifuta, na hakuna mwingine aliyeifikia.

Siku ile sikulala. Najua wanavyojisikia hao maskauti wanaolipwa.

Wiki ya pili nikaona tatizo, na halikuwa kutupa. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja yeye anautazama mpira. Tu. Mtu wake anapita nyuma ya mgongo, analala kwenye ringi, yeye bado anatazama mpira kama anaangalia sinema. Nikaanza kuhesabu: kwa shambulizi moja, kichwa kinageuka mara ngapi? Wenzake wafupi mara nne, tano. Yeye mara moja, na mara nyingine sifuri.

Kwa hiyo mimi ningekuwa Golden State, nisingeangalia mpira alipokuwa nao. Ningeangalia dakika asizokuwa nao. Video ya miruko wala nisingeifungua.

#16 Njiwa Manga
Kocha umempimia mikono au umempimia suruali?

#17 Kocha Msaidizi
Suruali nayo hana inayomtosha, usinichekeshe.

#18 Wa Zamani Kidogo
#15 imenigusa kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mtoto huyo. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, miaka hiyo, sitataja shule. Nilikuwa na 1.90 kidato cha tatu. Mwalimu wa michezo akaniweka chini ya ringi, akaniambia "wewe ruka tu, mengine waachie wenzako". Nikaruka miaka mitatu. Tukashinda, nikapewa jezi ya mkoa, watu wakaniita majina mazuri.

Kufika timu ya watu wazima nikakuta senta wa 2.04 na wa 2.01. Nikaambiwa sasa wewe ni winga. Winga! Sijawahi kudunda mpira zaidi ya mara mbili mfululizo maishani. Nikiwa na miaka 21 najifunza kitu ambacho mtoto wa miaka 12 wa mtaa wa pili anakijua.

Kuruka kulinidanganya mimi kwanza, makocha baadaye. Ukiwa na mwili ule kila kitu kinajipa, hujawahi kuhitaji kusoma mchezo. Anayesoma ni mfupi, kwa sababu asiposoma hali. Ndiyo maana Kocha anaona vichwa vya wafupi vinageuka.

#19 Binti Kurasini
Wa Zamani, pole. Lakini hapo ndipo ninapotofautiana na Fundi. Shida haikuwa wewe, alikuwa mwalimu. Na shida ya Kuminga ni wapi alipotua.

Mmesahau ile nafasi ya 7 ilitoka wapi? Minnesota, kwenye biashara ya kubadilishana wachezaji Wiggins na D'Angelo Russell, Februari 2020. Yaani timu yenye nyota kama Curry, Draymond na Klay anayerudi kutoka majeruhi, timu inayotaka ubingwa leo, imepata zamu ya mapema, ile zawadi ya timu iliyofungwa. Kule kosa moja la ulinzi unarudi benchi. Na mfumo wao ni wa kukata, kuchungulia, kupasi bila kupanga. Mtoto ambaye hajui kusoma unampeleka kwenye timu yenye herufi ndogo kuliko zote!

Giannis Antetokounmpo, yule nyota Mgiriki, je? Nambari 13 mwaka 2013, Milwaukee mbovu, akakosea atakavyo.

#20 Mkesha Laini
Giannis nambari 15, Binti. Ila hoja inasimama: Milwaukee msimu ule walishinda 15 wakafungwa 67. Mtoto katoka ligi ya daraja la pili Ugiriki, msimu wake wa kwanza pale Milwaukee wastani wa pointi 6.8, na hakuna aliyemfokea kwa sababu hapakuwa na cha kupoteza.

#21 Binti Kurasini
15, asante.

#22 Mzee wa Kamalondo
Nambari 15 nyingine ni Kawhi Leonard, 2011. San Antonio walimchagua wakati hajui kutupa na wakamfundisha. Mkono unafundishika.

#23 Zuhura Takwimu
Mzee, waliomchagua ni Indiana. San Antonio walimpata usiku uleule kwa kumtoa George Hill. Na hapa Fundi Saa anapata pointi bila kuomba: Kawhi chuoni pointi tatu asilimia 29.1, lakini mitupo huru karibu 76. Mkono ulikuwepo, ulikuwa umelala. Chip Engelland, kocha wa mitupo wa San Antonio enzi hizo, kazi yake ilikuwa kuuamsha.

Mwingine wa kinyume: Josh Jackson wa chuo cha Kansas, nambari 4 mwaka 2017. Pointi tatu asilimia 37.8, watu wakasema mkono upo. Mitupo huru 56.6. Phoenix walimvumilia misimu miwili wakamuuza.

#24 Fundi Saa
Nimekaa kimya, nafurahia. Endelea dada.

#25 Zuhura Takwimu
Usifurahi sana. Jaylen Brown, chuo cha California, 2016: mitupo huru 65.4, pointi tatu 29.4. Boston walipotangaza nambari 3 mashabiki wao wenyewe wakazomea. 2024 ndiye mchezaji bora wa fainali. Kipimo chako kinamtupa huyo jalalani.

#26 Kipanga wa Eastleigh
Sasa Zuhura uko upande gani?

#27 Zuhura Takwimu
Wa namba.

#28 Babu wa Mikocheni
Hamjamtaja Hasheem Thabeet. Nambari 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Nilikesha usiku ule, jina lilipotajwa nilipiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akaja na rungu.

#29 Njiwa Manga
Babu, uzi ni wa mawinga. Thabeet alikuwa mnara.

#30 Babu wa Mikocheni
Mnara wa kwetu. Mtanzania wa kwanza NBA, na tangu hapo nani? Na kisa ni kilekile: kaanza mpira akiwa kijana mkubwa, miaka michache baadaye yuko nambari 2. Memphis wakataka matunda kabla mti haujashika ardhi. Msimu wa kwanza tu wakampeleka ligi ndogo, watu wakaanza kucheka. Sisi wenyewe tulicheka, tusijitoe.

#31 Wa Zamani Kidogo
Kweli, tulicheka.

#32 MwanaGoma
Mimi niseme ya Kuminga kidogo. 2025, mechi za mtoano, raundi ya kwanza na Houston, kocha anamukalisha benchi mechi zingine hata dakika moja hapati. Raundi ya pili Curry anaumia mechi ya kwanza kabisa. Mechi ya tatu na Minnesota, Kuminga pointi 30. Walifungwa, lakini 30! Mutu asiyejua kusoma anapata wapi 30 mbele ya ulinzi ile? Hapa Goma saa za mechi ni usiku mukubwa, umeme unakatika, tulisikilizia kwenye simu ya mutu moja, watu kumi na tano.

Kwa hiyo mimi nasema: mwenye kupima alikuwa na haki, mwenye kupika ndiye aliharibu.

#33 Fundi Saa
MwanaGoma, 30 zile alizipata kwa sababu Curry hayupo na mpira alipewa yeye. Hiyo inanipa haki mimi na Kocha: akiwa na mpira ni mtu, bila mpira anapotea. Timu ya Curry, bila mpira ndiyo kazi.

#34 Binti Kurasini
Na inanipa mimi haki: angetua timu inayompa mpira.

#35 Kocha Msaidizi
Na mimi mtoto wangu bado hageuzi kichwa, kwa hiyo haki zenu hazinisaidii. 😅

Nimebadilisha mazoezi. Nasimama nyuma ya uwanja nainua vidole, anayelinda lazima ataje idadi kwa sauti huku mpira uko upande wa pili. Wiki ya kwanza alikuwa anakisia. "Tatu!" Nimeinua ngumi.

#36 Mkesha Laini
Kocha, na mkono wake ukoje? Hujasema.

#37 Kocha Msaidizi
Kidole gumba cha kushoto. Mpira ukitoka, gumba linausukuma, unazunguka kwa ubavu kama pia. Ukigusa ringi unaruka kwa jirani. Sasa namtupisha kwa mkono mmoja, mita mbili kutoka kwenye ringi, wa kushoto mgongoni. Anachukia. Anasema wenzake wanachomeka, yeye anatupa kama mtoto wa chekechea.

#38 Kipanga wa Eastleigh
Angalia usimharibu. Michael Kidd-Gilchrist, nambari 2 mwaka 2012, Charlotte walimpa Mark Price, mmoja wa watupaji bora wa mitupo huru wa wakati wote, amjenge upya. Kiwiko kikanyooka kidogo, halafu bega likatoka. Mara mbili.

#39 Mkesha Laini
Bega si kosa la Price.

#40 Kipanga wa Eastleigh
Sijasema ni la Price. Nasema muda. Mkono unahitaji miaka, na mwili wa kuruka ndio wa kwanza kuvunjika.

#41 Wa Zamani Kidogo
Goti langu linaunga mkono hoja.

#42 Babu wa Mikocheni
Hamjanijibu swali moja. Mnasema macho, mnasema mkono, mnasema timu. Mtoto mwenyewe ameulizwa? Thabeet, Kuminga, wote waliondoka kwao wadogo. Huyu wa Goma alifika Marekani 2016, miaka 13. Nani alikuwa anamwamsha asubuhi? Maskauti wanapima urefu wa mikono mpaka robo inchi kule Chicago kwenye vipimo vya kabla ya drafti, usingizi wa mtoto hawaupimi.

#43 Zuhura Takwimu
Babu, wanahoji pia. Timu zinakaa na wachezaji vyumbani, wanaulizwa ya nyumbani, wanaonyeshwa video za makosa yao waeleze nini kilitokea. Tatizo ni kwamba mtoto wa 18 anajua jibu linalotakiwa.

#44 Babu wa Mikocheni
Basi wamuulize mama yake.

#45 Njiwa Manga
Kahawa imeisha na hakuna mshindi. Fundi Saa, unafunga uzi?

#46 Fundi Saa
Sifungi. Kocha, nifanyie jambo moja: mtoto apige mitupo huru 50, uhesabu, ulete hapa.

#47 Kocha Msaidizi
Leo jioni, mikono miwili, gumba nimemfunga na plasta kwenye kidole cha pili. 50. Zimeingia 33.

#48 Zuhura Takwimu
Asilimia 66. Kampita Kuminga, kampita Barnes, kampita na Jaylen Brown.

#49 Fundi Saa
Bila beki, bila refa, na plasta. Haihesabiki.

#50 Kipanga wa Eastleigh
Wewe si ndiye ulisema pale hakuna beki?

#51 MwanaGoma
😂😂 Fundi amekwisha. Kocha, na vidole?

#52 Kocha Msaidizi
Leo kataja nne kati ya kumi. Niliinua mbili, akasema mbili, halafu mtu wake akapita nyuma akafunga.

#53 Njiwa Manga
Kocha nunua futi ya fundi ujenzi, mtoto akirefuka ile ya cherehani utaihamisha mara tatu.